Kufa na Kufiwa: Mamlaka na Mauti katika Riwaya za Distopia za Vijana

Utangulizi

Wanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hukutana mapema na kitenzi 'fiwa' wanapojifunza unyambuaji, na aghalabu hukipita bila kukitafakari. Mzizi wake ni 'fa', kitenzi ambacho kwa kawaida hakichukui yambwa: mtu hufa, basi. Kikiongezwa kiambishi cha kutendea hupatikana 'fia', na kikiongezwa tena kile cha kutendwa hupatikana 'fiwa'. Katika sentensi "Juma amefiwa na baba yake", aliyekufa ni baba, lakini kiima cha sentensi ni Juma. Sarufi yenyewe inakiri kwamba kifo cha mtu mmoja ni tukio linalomfika mtu mwingine. Kila anayekufa huacha anayefiwa, na mfiwa ana nafasi yake katika lugha kama alivyo na nafasi yake katika jamii: ana haki ya kulia, ya kulitaja jina la marehemu, ya kupewa pole na ya kukaa matanga.

Makala hii inatumia jozi hiyo, kufa na kufiwa, kuchunguza dhamira mbili zinazotawala riwaya za distopia zinazoandikiwa vijana, yaani mamlaka na mauti. Riwaya zitakazoshughulikiwa ni The Giver ya Lois Lowry (1993), The Hunger Games ya Suzanne Collins (2008) pamoja na juzuu zilizoifuata, na Scythe ya Neal Shusterman (2016). Zote tatu ni za Kimarekani, na zote zimesomwa na vijana wengi nje ya Marekani. Hoja ya makala ni kwamba watawala wanaosawiriwa katika riwaya hizi hawatosheki na uwezo wa kuua. Wanachokitafuta ni kifo kisichokuwa na mfiwa. Kwa sababu hiyo, uasi wa kijana katika kila mojawapo ya riwaya hizi huanza pale anapojitwalia nafasi ya mfiwa.

Dhana ya Distopia na Riwaya ya Vijana

Neno 'utopia' lilibuniwa na Thomas More mwaka 1516 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mahali pasipokuwapo. Distopia ni kinyume chake: ni jamii ya kubuni iliyoharibika, ambayo aghalabu hujidai kuwa kamilifu. Katika karne ya 20 utanzu huu ulijulikana sana kupitia Brave New World ya Aldous Huxley (1932) na Nineteen Eighty-Four ya George Orwell (1949). Riwaya hizo ziliandikiwa watu wazima. Wahusika wake wakuu ni watu wazima wanaoujua udhalimu tangu mwanzo au wanaoutambua wakiwa wamekwisha kuchelewa, na mwishowe mfumo huwameza.

Riwaya ya distopia ya vijana hutofautiana na hizo kwa mambo mawili. Kwanza, mhusika mkuu ni kijana wa umri wa miaka 12 hadi 18 hivi, na safari yake ya kuufahamu udhalimu ndiyo safari yake ya kukua. Pili, mwisho wake huacha mlango wa matumaini, hata kama mlango huo umefunguliwa kidogo tu. The Giver, iliyopata Nishani ya Newbery mwaka 1994, huhesabiwa miongoni mwa kazi zilizouweka msingi wa utanzu huu. The Hunger Games ndiyo iliyouvumisha kote ulimwenguni, hasa baada ya filamu yake ya kwanza kutolewa mwaka 2012.

Kinadharia, uhusiano kati ya mamlaka na mauti umejadiliwa na wataalamu wengi. Michel Foucault, katika juzuu ya kwanza ya historia yake ya ujinsia (1976), alitofautisha mamlaka ya mfalme wa kale na mamlaka ya dola ya kisasa. Mfalme alikuwa na haki ya kuua au kumwacha mtu aishi. Dola ya kisasa inajitwika kazi ya kuukuza uhai: inahesabu vizazi, inasimamia afya na chakula, kisha inawaacha baadhi ya watu wafe. Achille Mbembe, mwanafalsafa wa Kameruni, aliiendeleza hoja hiyo mwaka 2003 kwa kudai kwamba kilele cha mamlaka ni uwezo wa kuamua nani anaweza kuishi na nani hana budi kufa. Mjadala huu unawaangazia zaidi watu wawili, yaani anayeua na anayeuawa. Riwaya zinazojadiliwa hapa zinamwongeza mtu wa tatu, ambaye Kiswahili kimempa kitenzi chake.

Mauti Yaliyofichwa: The Giver

Jonas, mhusika mkuu wa The Giver, anaishi katika jamii isiyo na njaa, vita wala rangi. Kazi, mwenzi wa ndoa na watoto hugawiwa na Wazee. Kila familia hupewa mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, ambao wamezaliwa na wanawake wengine waliopewa kazi hiyo. Katika jamii hii hakuna anayesemwa kuwa ameuawa. Kuna wanao'achiliwa'. Wakongwe huachiliwa baada ya sherehe ya kuwasifu; watoto wachanga wasiokua vizuri huachiliwa; mtu anayevunja sheria mara ya tatu huachiliwa. Katika kurasa za mwanzo kabisa, rubani aliyepotea njia na kupita juu ya makazi anatangazwa kwamba ataachiliwa, na tangazo linatolewa kwa sauti ya utani.

Mwanafunzi wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba hii ni tafsida. Hata hivyo, kuna haja ya kutofautisha aina mbili za tafsida ya kifo. Msemaji wa Kiswahili anaposema kwamba fulani ameaga dunia, amefariki, ametangulia mbele ya haki au ameipa dunia kisogo, anayesema na anayesikia wote wanajua kilichotokea. Neno linaupunguza ukali wa habari kwa ajili ya mfiwa. Halimfichi habari yenyewe. Tafsida ya aina hii ni adabu, nayo inamtambua mfiwa. Tafsida ya Wazee katika The Giver ni ya aina nyingine. Anayesikia hajui, na mara nyingi hata anayesema hajui, kilicho nyuma ya neno. Wanajamii wanadhani aliyeachiliwa amehamia mahali pengine. Haiwezekani mtu kumlilia asiyejua kuwa amekufa. Hivyo kifo kinapatikana bila mfiwa.

Inashangaza kwamba jamii hiyo hiyo inajivunia usahihi wa lugha. Jonas alipokuwa mdogo alikemewa kwa kusema anakufa njaa, kwa vile hakuna mtu aliyepata kufa njaa hapo wala hatakufa. Rafiki yake Asher alichapwa mara kwa mara akiwa na umri wa miaka mitatu kwa kulikosea neno la kuombea chakula. Usahihi unadaiwa kwa mtoto katika mambo madogo, ilhali neno kubwa kuliko yote limeachwa likiwa uongo. Lowry anaonyesha kwamba usafi wa lugha si kinga dhidi ya udhalimu. Unaweza kuwa chombo chake.

Hata kifo cha ajali, ambacho hakifichiki, hupangiwa utaratibu wa kukifuta. Mtoto wa miaka minne aitwaye Caleb alipotumbukia mtoni na kufa maji, jamii nzima ililitamka jina lake pamoja kutwa nzima, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, hadi likazimika. Baadaye wazazi wake wakapewa mtoto mwingine na jina likarudishwa kwa kunong'onwa: Caleb. Kwa juujuu utaratibu huu unafanana na maombolezo, lakini lengo lake ni kinyume cha lengo la maombolezo. Matanga humsaidia mfiwa kuishi na pengo. Jamii ya Jonas inaliziba pengo ili isiwepo sababu ya mtu kuitwa mfiwa.

Mabadiliko ya Jonas yanatokana na kazi aliyogawiwa akiwa na umri wa miaka 12, ya kuzipokea kumbukumbu zote za zamani kutoka kwa mzee aliyezihifadhi peke yake. Baada ya kuonjeshwa vita na mauti katika kumbukumbu hizo, anatazama kanda ya baba yake akiwa kazini. Baba, ambaye kazi yake ni kulea watoto wachanga, amepewa pacha wawili. Mwenye uzito mdogo anadungwa sindano kwenye mshipa wa paji la uso, anajinyoosha, ananyamaza, kisha anatupwa kama takataka. Baba anampungia mkono wa kwaheri kwa sauti ya upole. Katika usemi wa Kiswahili 'kuaga dunia', anayeaga ni yule anayekufa. Hapa anayeaga ni muuaji, na anayekufa hana kauli. Jonas ndiye mtu pekee mbele ya kanda hiyo anayelia kama mfiwa, ingawa mtoto yule si ndugu yake. Usiku huo hataki kurudi nyumbani, na anapojua kwamba mtoto Gabriel naye amepangiwa kuachiliwa, anatoroka naye.

Mauti Yaliyoonyeshwa: The Hunger Games

Iwapo jamii ya Jonas inakificha kifo, Panem, nchi inayosawiriwa na Collins katika magofu ya Amerika ya Kaskazini, inakianika. Kila mwaka mji mkuu, Capitol, huzilazimisha wilaya 12 kutoa mvulana mmoja na msichana mmoja wa umri wa miaka 12 hadi 18. Vijana hao 24 huingizwa uwanjani kuuana hadi abaki mmoja, na nchi nzima hulazimika kutazama kwenye televisheni. Hii ni adhabu ya uasi wa zamani. Siku ya kuwateua huitwa siku ya mavuno, na vijana wenyewe huitwa kwa jina la kodi ambayo mshinde humlipa mshindi. Collins amewahi kueleza kwamba wazo la riwaya lilimjia alipokuwa akibadilisha idhaa za televisheni na kuona vipindi vya mashindano ya vijana vikipishana na picha za vita vya Iraki. Vilevile aliathiriwa na kisa cha Kigiriki cha Theseus, ambamo vijana wa Athens walipelekwa Krete kuliwa na zimwi la Minotaur.

Mauti katika Panem yamefungamanishwa na njaa. Jina la kijana huingizwa katika kura mara moja anapotimiza miaka 12, mara mbili mwaka unaofuata, na kuendelea hivyo. Maskini anaweza kuliongeza jina lake kwa kubadilishana na akiba ndogo ya nafaka na mafuta ya kumtosha mtu mmoja kwa mwaka. Ndiyo maana Katniss mwenye umri wa miaka 16 ameingizwa mara 20, na rafiki yake Gale mwenye umri wa miaka 18 mara 42. Kura inaitwa bahati, lakini bahati hiyo imekwisha kupimwa kwa kibaba cha unga. Tena inawagawanya watu: Gale mwenye njaa humwonea chuki mtoto wa tajiri wa wilaya yao wenyewe, na Capitol inastarehe.

Methali ya Kiswahili husema kifo cha wengi harusi. Maana yake ya kawaida ni kwamba msiba ulioshirikiwa na wengi huwa mwepesi. Capitol inaigeuza methali hiyo kuwa ya wazi. Wanaokwenda kufa huvishwa mavazi ya fahari, hupambwa, hulishwa vinono, huhojiwa jukwaani na kushangiliwa. Kifo chenyewe hutangazwa kwa mlio wa mzinga, na usiku picha za waliokufa huonyeshwa angani pamoja na namba ya wilaya. Inafaa kulinganisha tangazo hilo na tanzia inayosomwa redioni au kuchapishwa gazetini nchini Kenya. Tanzia haitoshelezwi na jina la marehemu. Hutaja mume au mke, watoto, ndugu na wakwe, kwani kazi yake kubwa ni kuwatambulisha wafiwa. Tangazo la Capitol lina picha na namba, na wafiwa hawamo. Wafiwa wapo majumbani, wamelazimishwa kuwa watazamaji.

Tukio linalougeuza mkondo wa riwaya ni kifo cha Rue, msichana wa miaka 12 kutoka Wilaya ya 11. Kwa mujibu wa kanuni za mchezo, kifo chake kinamkaribisha Katniss kwenye ushindi. Badala ya kufurahi, Katniss anamwimbia hadi anakata roho, kisha anaupamba mwili wake kwa maua ya porini. Anafanya kile ambacho mama au dada wa Rue angefanya. Anajifanya mfiwa wa mtu ambaye mfumo umemtaja kuwa adui yake. Wilaya ya 11, iliyo maskini, inamtumia mkate. Baadaye, Capitol inapoandaa kipindi cha kusimulia mchezo mzima, inaonyesha jinsi Rue alivyochomwa mkuki na jinsi Katniss alivyoimba, lakini inaondoa sehemu ya maua. Damu haiwatishi watawala, maua yanawatisha. Katika juzuu ya pili, Catching Fire (2009), mzee mmoja wa Wilaya ya 11 anapiga mbinja wimbo wa Rue mbele ya umati, na anauawa palepale. Kosa lake ni kuomboleza hadharani.

Ishara ya vidole vitatu vya kati, vinavyogusishwa midomoni kisha kunyooshwa, ni ya namna hiyo hiyo. Katika riwaya ni ishara ya zamani ya Wilaya ya 12, ya shukrani, ya heshima na ya kumuaga umpendaye, na huonekana kwa nadra mazikoni. Ishara hiyo ya maziko imevuka mipaka ya vitabu na filamu. Nchini Thailand, baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Mei 2014, waandamanaji waliitumia kuupinga utawala wa kijeshi, nao utawala ukawaonya na kuwakamata baadhi yao. Ilionekana tena Myanmar baada ya mapinduzi ya Februari 2021. Watawala hao walikielewa kitabu barabara.

Mauti Yaliyogawanywa: Scythe

Riwaya ya Shusterman inaanzia mahali tofauti. Katika Scythe mauti yameshindwa. Magonjwa na uzee vimetibiwa, na akili ya kompyuta iitwayo Thunderhead inaitawala dunia bila rushwa wala upendeleo. Anayeanguka kutoka ghorofani hufufuliwa kituoni baada ya siku chache, na baadhi ya vijana hujirusha kwa kujifurahisha, kwa vile kufa kumekuwa mchezo. Hata hivyo, ili dunia isifurike watu, limeundwa shirika la wafyekaji, binadamu wenye idhini ya kuua moja kwa moja. Jambo hili peke yake Thunderhead imekatazwa kuligusa. Kitendo chao hakiitwi kuua. Kinaitwa kuokota masazo, yaani kuokota masuke yaliyosalia shambani baada ya mavuno, kama afanyavyo Ruthu katika Biblia. Collins anayaita mauaji mavuno, Shusterman anayaita masazo. Katika riwaya zote mbili watu wamegeuzwa kuwa mazao, na zao halina jamaa.

Namna wafiwa wanavyoshughulikiwa hapa ni ya ujanja zaidi. Iwapo anayefuatwa anaukubali mwisho wake, jamaa zake hupewa kinga ya mwaka mmoja dhidi ya wafyekaji. Akipinga, jamaa zake huuawa pia. Mfiwa hafichwi msiba wala halazimishwi kuushangilia. Hulipwa, na malipo hayo yana kitisho nyuma yake. Mtu aliyepewa kinga kwa sababu ya kifo cha mama yake atalia kwa sauti gani? Busu moja kwenye pete ya mfyekaji hutoa kinga, na matajiri hujipendekeza ili waipate. Mfyekaji aitwaye Goddard anaonyesha mfumo huu unakoelekea: anawaua watu kwa makundi, anaustarehea uuaji, na anapata wafuasi.

Vijana wawili, Citra na Rowan, wanachaguliwa na mfyekaji Faraday kuwa wanagenzi kwa sababu hawaitaki kazi hiyo. Rowan alichaguliwa baada ya kumshika mkono mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akifyekwa, ili asife peke yake. Wanafunzi wengine wakamtenga kwa hilo, kana kwamba yeye ndiye muuaji. Faraday mwenyewe huhudhuria maziko ya kila aliyemuua. Katika juzuu ya pili, Thunderhead (2018), Citra, akiwa sasa mfyekaji, anawapa watu wake notisi ya mwezi mmoja na kuwaachia wachague namna ya kufa. Kwa hivyo wanapata muda wa kuaga, kusameheana na kutoa wosia. Riwaya haidai kwamba upole huu unauhalalisha mfumo. Inauliza swali gumu zaidi: je, mwuaji mwenye huruma anaupunguza udhalimu, au anaufanya uvumilike?

Kwa Nini Kijana?

Inafaa kuuliza kwa nini mzigo huu wa kumlilia aliyefutwa huwekwa mabegani mwa kijana. Jibu moja linapatikana katika mila za kuvukia utu uzima. Arnold van Gennep alizigawa mila hizo mwaka 1909 katika hatua tatu: kutengwa, kukaa katika hali ya mpito, na kurejeshwa katika jamii. Jando na unyago hufuata muundo huo. Utoto hufa kwa ishara, na anayerudi ni mtu mzima mwenye jukumu. Jamii za distopia zinauiga muundo huu na kuupotosha. Sherehe ya miaka 12 ya Jonas, siku ya mavuno ya Panem na uanagenzi wa Citra zote ni majando. Tofauti ni kwamba jando halisi hutumia kifo cha ishara ili kumpa kijana uhai mpana zaidi, na majando haya yanatumia kifo halisi ili kumpa utiifu.

Kijana pia ndiye mtu ambaye bado hajaizoea lugha ya wakubwa. Baba wa Jonas hamchukii yule mtoto anayemdunga sindano, amelizoea neno. Jonas analisikia upya. Ndiyo maana riwaya hizi hazimfanyi kijana kuwa shujaa kwa nguvu au silaha zake tu. Zinamfanya shujaa kwa sababu bado anaweza kushtuka.

Mfiwa na Watawala Wapya

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudai kwamba maombolezo ni silaha safi isiyoweza kutekwa. Collins analitambua hilo katika Mockingjay (2010). Waasi wa Wilaya ya 13 wanatengeneza vipindi vya televisheni vya kuwakumbuka vijana waliokufa michezoni, akiwemo Rue. Kumbukumbu iliyofutwa na Capitol sasa inatumiwa kuandikisha wapiganaji. Kisha Prim, mdogo wake Katniss ambaye kwa ajili yake alijitolea mwanzoni, anauawa na mabomu katikati ya watoto wa Capitol, na dalili zinaonyesha kwamba mabomu hayo yalikuwa ya waasi wenyewe. Rais mpya, Coin, anapendekeza mchezo wa mwisho utakaowahusisha watoto wa Capitol, ili wafiwa waridhike. Kufiwa kunatolewa kama hoja ya kuendeleza kufisha. Katniss anapopewa mshale wa kumuulia mtawala wa zamani, anamlenga Coin.

Fundisho ni kwamba mtawala anaweza kumnyang'anya mfiwa nafasi yake kwa njia mbili: kwa kumnyamazisha, au kwa kulia kwa niaba yake. Ndiyo maana trilojia haimalizikii kwenye jukwaa la ushindi. Inamalizikia nyumbani, ambapo Katniss, Peeta na Haymitch wanaandika kitabu cha waliokufa, kila mmoja na picha yake na mambo madogo ambayo hayakustahili kusahauliwa. Kitabu hicho hakikuagizwa na serikali yoyote.

Fasihi ya Kiswahili na Suala la Tafsiri

Fasihi ya Kiswahili si ngeni katika mjadala huu. Katama Mkangi, ambaye aliwekwa kizuizini miaka ya 1980, alichapisha Walenisi mwaka 1995. Dzombo, mhusika wake mkuu, anahukumiwa kifo na watawala wa nchi yake na kurushwa angani katika chombo ambacho hakikukusudiwa kumrudisha. Hukumu hiyo nayo ni kifo kisichoacha maiti, kaburi wala matanga. Lakini Dzombo hafi. Anafika katika nchi yenye haki, ambayo jina lake, 'wale ni sisi', linamkumbusha msomaji kwamba hakuna kifo cha watu wengine tu. Walenisi haikuandikwa kama riwaya ya vijana kwa maana iliyotumika hapa, lakini msomaji aliyeizoea atajikuta nyumbani katika Panem.

Suala la tafsiri nalo linawahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili. Neno kuu la The Giver linahitaji kuwa la upole na lisiloshukiwa hadi sura inayoifichua siri. 'Kupumzishwa' lingetoboa siri mapema, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili hulihusisha kupumzika na mauti. 'Kuagwa' ni vivyo hivyo, kwani miili huagwa. 'Kuachiliwa' lina harufu ya gereza na mahakama, lakini linabeba ahadi ya uhuru ambayo uongo wa Wazee unaihitaji. Tena kauli yake ya kutendwa inamruhusu msemaji kutomtaja mtenda: mtoto ameachiliwa, na nani? Kwa sababu hizo ndilo lililotumiwa katika makala hii. Mtafsiri atakayeifanya kazi nzima hana budi kupima kila neno kwa kipimo hicho, maana ufanisi wa riwaya yote umeegemea neno moja.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba riwaya tatu zilizochunguzwa zinayasawiri mamlaka kupitia namna yanavyomtendea mfiwa. Katika The Giver mfiwa anazuiwa asijue. Katika The Hunger Games analazimishwa kutazama. Katika Scythe ananunuliwa na kutishwa. Katika zote, kijana anaanza kuasi pale anapomlilia mtu ambaye hakupaswa kuliliwa: mtoto pacha asiye na jina, Rue wa wilaya nyingine, mwanafunzi ambaye Rowan hakuwa hata rafiki yake wa karibu. Imeonyeshwa pia kwamba kilio hicho chaweza kutekwa na watawala wapya, na kwa hivyo kinahitaji kulindwa.

Kwa mwalimu na mwanafunzi wa Kiswahili, utafiti wa aina hii una faida ya ziada. Tafsida hufundishwa darasani kama kipengele cha mtindo, pamoja na orodha ya mifano ya kukariri. Riwaya hizi zinapendekeza maswali matatu ya kuongeza kila tafsida ya kifo inapojadiliwa, iwe katika riwaya, katika taarifa ya serikali au katika habari za vita: nani analijua jambo lililofichwa na neno hili, neno linamhifadhi nani, na mfiwa yuko wapi katika sentensi?